Kisoma-Kadi Chenye Giza Ndani

Nyumba ya pili kutoka bombani,
Ziwani, Nairobi.
17 Oktoba 1999

Mpendwa ndugu yangu Ngui,

Pokea salamu nyingi kutoka Ziwani, na uzipokee ukiwa umekaa, maana nyingine ni za kukugombeza. Hujambo? Mkeo Shiru hajambo huko ng'ambo? Na mtoto je, analala usiku au amerithi tabia zako? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mfereji, ambao umetoa maji mara mbili tu wiki hii, na goti la Mjomba Muindi, ambalo linatabiri mvua kila asubuhi na mvua haiji.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mama alinikataza nisikuambie. Jicho lake la kulia halioni tena. Ni presha ya macho. La kushoto nalo linafifia, na Jumanne hii atapasuliwa. Daktari hakuficha kitu: huenda likaendelea kuona, huenda lisione. Mama alimsikiliza, akamshukuru, na tulipotoka nje akaniambia kwamba kabla ya Jumanne lazima amwone wajina wake, huyo mtoto wako. Mengine yote, alisema, ameshayaona.

Siku hiyohiyo barua yako ikafika. Tulipapasa bahasha nzima tukitafuta picha, tukapata kikadi cheusi, chembamba kama kipande cha biskuti, chenye doa la dhahabu. Nikamsomea Mama maneno yako: picha za mtoto zimo humu, zimetoka kwenye kamera yangu mpya isiyotumia filamu, tafuteni kisoma-kadi mzitazame kwenye kompyuta. Ngui, kuna watu wanaotuma picha, halafu kuna wewe.

Habari ya kutotumia filamu Mama aliisikia kwa sikio moja. Yeye anajua kwamba picha ambayo haijasafishwa ikiona mwanga huungua, na hilo hapa nyumbani hakuna asiyelijua tangu Mjomba Muindi alipofungua kamera ya watu katikati ya harusi yako ili aone kama imejaa. Ndiyo maana hadi leo huna picha hata moja ukiwa umevaa ile suti ya kuazima. Basi kabla sijamaliza kusoma, kadi ilikuwa imeshatoka mkononi mwangu, ikafungwa kwa kitambaa cheusi cha kichwa, ikatiwa kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, na mkebe ukaenda chini ya kitanda. Nilibisha mpaka nikachoka. Mama alinijibu kwamba mimi na Mjomba ni damu moja.

Jumatano niliomba ruhusa kazini tukaenda mjini kutafuta hicho kisoma-kadi. Mama alikataa kubaki, na mkebe ukaja nao, chini ya kwapa lake. Maduka manne yalitucheka. La tano ni kibanda cha kijana anayeitwa Mugo, anayeuza saa, vikokotozi na vitu ambavyo yeye mwenyewe hajui kazi yake. Yeye hakucheka. Alichuchumaa chini ya meza akaibuka na visoma-kadi vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha buluu, kinang'aa, chenye waya mwembamba. Mugo alikisifu kwamba ndicho cha kisasa, cha kuingia nacho mwaka elfu mbili. Cha pili kilikuwa na waya mnene wa kuchomekwa mahali pa printa, na kadi ya mfano aliyoitia humo ilibaki nusu nje. Cha tatu kilikuwa na umbo la disketi ya kawaida. Kadi inaingia yote tumboni, kisha disketi inaingia kwenye kompyuta. Kilihitaji betri mbili za saa na programu yake, na kilionekana kama kimetumiwa na mtu asiye na subira.

Mimi nilitaka cha buluu. Kusema kweli nilikitaka kwa sababu ya rangi. Mimi ni karani mwaka wa tisa sasa, nimekaa mbele ya kompyuta ya ofisi kuanzia asubuhi hadi jioni, na sikuwahi hata siku moja kuchungulia mgongo wake kujua ina matundu gani. Lakini nilitingisha kichwa pale kama fundi.

Mama hakuuliza bei wala kasi. Alivipapasa kimoja kimoja kwa vidole, akauliza swali lake moja tu, kama mwanga unaingia. Cha buluu kilikuwa wazi upande mmoja, akakirudisha. Cha pili alikishika, na alipogundua kadi inachungulia nje akamtazama Mugo kana kwamba amemuuzia maziwa yenye maji. Mugo ni mfanyabiashara, aliuona upepo unakoelekea.

"Mathe, chukua hii ya disketi," akasema. "Hii inameza kadi nzima nzima. Huko ndani ni giza tupu."

Ikawa ndiyo hiyo. Nilinuna njia nzima. Nilijua tumenunua sanduku la giza, na Jumanne inakuja.

Jana Jumamosi, baada ya kazi, meneja aliniruhusu kutumia kompyuta ya ofisi. Wekulo, fundi anayetutengenezea mashine, alijitolea kubaki, Mungu ambariki. Mjomba Muindi aliacha kuchonga vinyago vyake akaja na blanketi mbili, akazitundika madirishani kwa misumari aliyokuja nayo. Wekulo aliomba angalau taa moja. Mama akamnyima. Ikabidi atie betri na programu kwa kupapasa, na hakunung'unika.

Kabla hajaanza alikagua mgongo wa kompyuta kwa mwali wa kiberiti, Mama akiwa amekalia mkebe. Kisha akaniuliza polepole ni nani aliyechagua kisoma-kadi. Mashine yetu ni kuukuu, haina tundu la kile cha buluu. Na waya wa printa umeshika kutu mahali pake, hautoki bila kuvunjika. Mlango mzima uliobaki ni wa disketi. Ningefuata akili yangu, tungekuwa tunarudi mjini kesho, Jumatatu, na Mama anatakiwa kulazwa hospitalini saa nne. Nilimwambia ni Mama. Wekulo akampongeza. Mama akasema alijua.

Picha zikaja. Ngui, picha kumi na moja! Gari lako jekundu, mara nne. Friji ikiwa wazi. Mnyama kama panya mwenye mkia wa ufagio. Kila moja ilishuka mstari kwa mstari kutoka juu, na kila mara Mama alisogeza kiti akiuliza kama ndiye. Kwa friji alikaribia kuamini. Nilikutukana kimoyomoyo na leo nimetubu kanisani.

Kwenye picha ya kumi likaanza kushuka paji la uso. Mjomba akasema hilo ni la marehemu Baba. Zikaja nyusi, kisha macho, na picha ikakwama hapo. Wekulo akatuliza kila mtu. Mama akaweka jicho lake la kushoto karibu kabisa na kioo, akauliza kama mwanga huu hautamchoma mtoto.

"Huo ni mwanga wake mwenyewe, mama," Wekulo akasema.

Pua ikashuka, mdomo, kidevu, akawa mtoto mzima anacheka bila jino. Mama alimtazama kwa muda ambao sikuupima. Halafu akamtemea mate ya baraka, kama alivyotutemea sisi, pwa, juu ya kioo cha meneja. Wekulo alichukua kitambaa apanguse. Nilimshika mkono. Nililia, Ngui, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Msalimie Shiru, mwambie mtoto ni mzuri na asikuruhusu kushika kamera. Mjomba Muindi anakusalimu na kuomba umsamehe ya harusi. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na muiombee Jumanne.

Kadi hatuirudishi. Imerudi mkebeni. Jioni ya leo nilimuuliza Mama kama anaiogopa hiyo Jumanne. Amesema niandike jibu lake jinsi alivyolitamka:

"Mwambie nimeshamweka ndani. Hata wakilifunga jicho, picha haiungui gizani."

Dada yako akupendaye, hata kwa yale magari manne,
Nzilani