Kamba ya Ngwe

Jumatatu, 4 Machi 1907
Nimemaliza ngwe yangu, kipande nilichopimiwa nilime, kabla ya adhuhuri. Mgongo unauma. Nyasi za chini ya minazi hazina haya, ukizilima leo kesho kutwa zimerudi. Masanja hakumaliza. Miguu imemvimba. Nokoa, msimamizi wetu, akapima kwa kamba, akaona kipande kimebaki. Siku ya Masanja haikuhesabiwa na posho hakupewa. Tumekula wawili chakula cha mmoja. Tulitoka Unyamwezi pamoja. Akifa hapa kisiwani, sina la kumwambia mama yake.

Jumanne, 5 Machi
Kamba imerefushwa. Kosa ni letu. Sisi vibarua wa bara tulishindana kumaliza mapema ili tukalale, bwana mwenye shamba akaona kamba ni fupi. Na watumwa wa shamba wanapimiwa kamba hiyo hiyo. Zafarani, mtumwa wa hapa tangu utotoni, alinipita na jembe begani. "Nguvu za punda mmekuja nazo," akasema. "Akili mmeiacha Tabora?" Masanja hakumaliza tena.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna kazi. Nimetembea hadi kijijini. Wenyeji walikuwa kwenye msaragambo, wanamlimia mjane shamba. Wote safu moja, jembe kwa jembe. Hakuna ngwe ya mtu. Mzee aliyechoka alikuwa katikati, safu inakwenda naye. Nimerudi nikamweleza Zafarani. Alicheka. Lakini jioni alikuja na watumwa wenzake kwenye banda letu. Hawajawahi kuja. Walituita wajinga, tukawaita wavivu, kisha tukakubaliana. Kesho safu moja, Masanja katikati.

Jumamosi, 9 Machi
Imeharibika. Tulilima safu moja na eneo lote likaisha. Lakini Mabruki nokoa alisimama na kamba yake kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. "Bwana akiniuliza nani mvivu, nimtaje nani?" Hakupata wa kumtaja, akatunyima posho wote. Vibarua wamemgeukia Masanja. Mmoja alimwambia heri angekufa njiani. Nilimpiga. Ninachukia kisiwa hiki.

Jumapili, 10 Machi
Kila mtu amerudi kwenye ngwe yake. Masanja amelima kwa magoti. Hakumaliza.
Zafarani anasema tulimsahau Mabruki. Naye ni mtumwa. Naye anapimwa, ila kamba yake hatuioni. Sikupenda maneno hayo. Mabruki ana fimbo. Lakini ni kweli.

Jumatatu, 11 Machi
Tumekwenda kwa Mabruki, watumwa na vibarua, tukakaa chini. Zafarani alimwuliza, "Mabruki mwanangu, wewe unaogopa nini?" Alikasirika. Kisha akasema. Bwana anakaa kisiwa cha Chole, huvuka kuja kukagua kila Jumatano. Akikuta nyasi, fimbo ni ya Mabruki kwanza. Hajali nani kalima. Anachotaka ni shamba safi, na asionekane mjinga mbele ya watu. Basi tukampa safu aiongoze yeye. Achague pa kuanzia na pa kuachia. Alikubali kwa shida, kama mtu anayemeza dawa. Kibarua niliyempiga naye alikuwepo. Hatukuangaliana.

Jumanne, 12 Machi
Mabruki ametangulia, anaimba. Sauti mbaya sana. Tumekwenda polepole kwa mwendo wa Masanja, na hakuna aliyelaumu. Wote tumepata posho. Masanja amekula chake.

Jumatano, 13 Machi
Bwana amekuja. Amekagua minazi mstari kwa mstari. Safi. Akauliza kamba iko wapi. Mabruki alitazama chini. "Nimefungia mbuzi, bwana, hakukuwa na nyingine." Bwana alimtazama muda mrefu, akatutazama sisi. Akataka madafu, akanywa, akaondoka.
Zafarani anasema mbuzi mwenyewe hayupo. Tumecheka hadi Masanja akakohoa.

Jumamosi, 16 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Miguu ya Masanja bado. Pengine itapona, pengine haitapona. Watumwa bado watumwa, na kwetu bado mbali. Bwana anaweza kurudi na kamba mpya. Tulipofika mwisho niligeuka kutazama tulikotoka. Ardhi yote nyeusi. Nilitafuta mahali nilipolima mimi, sikupaona.