Blanketi Juu ya Paa la Zahanati

Bukoto, Kampala

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume, na babu yako hataki kumpa mtu mwingine ampakate.

Umeniuliza kama ni lazima kufunika paneli za sola kabla ya kugusa nyaya, maana wenzako chuoni wanakucheka.

Miaka ile baada ya vita, mimi na Bahati, fundi Mkongo aliyenifunza kazi, tulipanda paa la zahanati moja huko Mbuya kubadilisha nyaya za paneli. Nilikuwa nimezima swichi chini, nikamwambia, "Fundi, umeme nimezima." Alipozishika nyaya tu, umeme ulimpiga, akapiga kelele, akateleza hadi ukingoni. Nilimdaka kwa mkanda wake.

Nikaanza kumwomba radhi huku nalia. Akasema, "Dada, kosa ni langu. Swichi haizimi jua. Paneli ikiona mwanga, inatoa umeme."

Kisha fundi yule, aliyejulikana kwa majivuno, akashuka kumwomba muuguzi blanketi zito la kufunikia paneli, akaeleza kosa lake mbele ya wagonjwa. Mimi nilidhani atanitwika lawama. Nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku zote alizojisifu.

Basi funika, upime kama umeme umekatika, ndipo uguse. Wakicheka, waache wacheke. Ukishashuka paani, nipigie simu.

Bibi yako,
Rose