Waliojibu Sifuri

Dodoma, 6 Oktoba 1997

Shikamoo mama. Mimi mzima, naendelea na kazi ya kompyuta hapa shirikani. Kifua cha baba kinaendeleaje?

Wiki ijayo watu wetu watakuja Kibakwe kuuliza kila kaya imevuna magunia mangapi, ili wasiovuna wapate mahindi ya msaada. Mama, nakujua. Usiseme "tumepata kidogo" kwa kuona aibu. Kama hukuvuna, sema sifuri.

Mwanao, Yotham

Kibakwe, 9 Novemba 1997

Marahaba mwanangu. Sisi tupo. Baba yako kifua kimembana, na uji wenyewe tunagawana.

Walikuja. Nikasema sifuri, kwa uso mkavu, majirani wakisikia. Mama Matonya hakupata hata suke moja, lakini akasema gunia moja, asionekane mvivu. Jana majina ya watakaopewa mahindi yalisomwa. Yeye yumo. Sisi hatumo. Wote tuliosema sifuri hatumo! Haya msomi, nieleze, maana baba yako ananiuliza.

Mama yako, Dorkasi

Dodoma, 24 Novemba 1997

Shikamoo mama. Mpe baba pole nyingi. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, nimekufa ganzi, hata hasira sina.

Programu ile niliiandika mimi. Niliiambia kompyuta: kaya ikiwa na jibu, iingize kwenye hesabu, kisha chagua wenye mavuno kidogo. Kumbe inapotakiwa kuamua ndiyo au hapana, namba yoyote huihesabu ndiyo, ila sifuri huigeuza yenyewe kuwa hapana, wala haikuulizi. Ikawaona hamkujibu kabisa. Wenye njaa kuliko wote ndio ikawaruka. Nami nilijua kusoma, sikukagua.

Nimeshairekebisha. Gari linakuja na mahindi yenu. Mwambie baba avumilie.

Mwanao, Yotham

Kibakwe, 21 Desemba 1997

Marahaba Yotham. Mimi mzima.

Mvua imekata barabara. Gari likachelewa, na hata niliyemtuma kukuita alirudi njiani. Baba yako tulimzika Jumanne, hatukuweza kukungoja. Alikuwa anauliza gari kila akiamka. Nikamwambia mwanao kasema linakuja. Akasema basi, kama ni Yotham kasema, linakuja.

Mimi sijalia bado. Watu wananitazama, nami nawatazama tu. Usijisumbue kuja kwa miguu, mto umejaa.

Mahindi yalifika Ijumaa. Tumewapikia watu wa msibani.

Mama yako, Dorkasi