Bomba la Miguuni Pako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Wiki tatu baada ya kukuzika hapa nyumbani, udongo wa miguuni pako ulianza kulowa. Mama alidhani ni umande. Lakini saruji ikapata ufa, ufa ukapitisha kidole, na kila siku ya mgao, maji ya bwawa la Manchira yakifunguliwa, upande ule ulididimia kidogo. Mama akaacha kula. Alikaa mlangoni akikuangalia, akiogopa utazama mbele ya macho yake.

Baba mdogo akakataza jembe. "Kaburi likishafungwa halichimbwi tena. Mnataka kumwita nani mwingine amfuate?" Fundi wa maji akauliza bomba la kwenda tangini limepita wapi, hakuna aliyemjibu, akakusanya vifaa vyake akaondoka. Ulilitandaza mwenyewe, njia yote ulikuwa nayo kichwani. Hata koki ya kufungia hukuweka, ulisema ni mapambo. Nilikukasirikia, Baba, sikufichi.

Ila mimi nilijua linapovuja, na ndiyo sababu nakuandikia.

Nilikuwa nakushikia bomba ulipopasha mdomo wake kwenye moto wa magunzi ili upanuke, uingize lingine. Soketi za kuungia za dukani hukuziamini. "Nyangi, shika hapo, usitetemeke." Tukaunga kando ya kichuguu, ukafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Baadaye ulikisawazisha kichuguu, na hapo hapo ndipo walipokuchimbia kaburi. Jembe liligonga kitu pembeni, wachimbaji wakasema ni mzizi. Nilisikia mlio ule nikajua si mzizi. Haikuwa siku ya mgao, hakuna kilichovuja. Jeneza lilikuwa limeshatoka ndani, watu wanaimba. Niliona aibu kusimamisha mazishi yako kwa ajili ya bomba, nikanyamaza.

Alhamisi nilimwambia Mama. Alikwenda kukusanya magunzi.

Tulikata bomba hatua sita kabla yako na hatua sita baada yako, tukalizungushia mbali. Mama alishika, mimi nikapasha. Mdomo wa kwanza ukaungua. Wa pili ukapasuka. Lilibaki bomba moja, na maji yalikuwa yanakuja kesho yake asubuhi. Hukuwepo kunikemea, Baba, nikajikemea mwenyewe, "usitetemeke," na mdomo wa tatu ukapanuka, tukaunga. Baba mdogo alisimama kati yetu na wewe muda wote, akilinda jembe lisikusogelee.

Ijumaa nilinyunyiza majivu ya yale magunzi miguuni pako, nione kama yatalowa. Bomba likaanza kukohoa. Nilipiga magoti pale, nikasikia maji yakiingia kwenye tangi. Sikuinuka mpaka tangi lilipojaa. Majivu yalibaki makavu. Mama akaomba uji.

Ufa tutauziba kesho, na Baba mdogo ndiye ataleta saruji. Nimechora njia ya bomba ukutani, nyuma ya mlango, pamoja na koki niliyoiweka. Nisamehe ule ukimya. Nakuahidi, nikisikia tena jembe linagonga nitasema, hata kama watu wanaimba.

Pumzika, Baba. Kipande cha zamani hatukukigusa. Kile kiungo tulichounga sisi wawili kiko hapo miguuni pako, na hakivuji tena.

Mwanao,
Nyangi