Majarida ya Waingereza Kwenye Meza ya Gikondo

Baba,

Chuo kimoja kinataka majarida yako ya uchapaji, yale ya Waingereza wa baada ya vita. Uliyaokota Dar es Salaam kiwanda cha kuchapa kilipokuwa kinayatupa, ukayabeba ulipohamia Kigali kufungua karakana hii ya Gikondo, na kuacha sufuria, kama mama anavyopenda kukumbusha. Wao watayaweka kwenye kabati la kioo, na atakayeyagusa atavaa glavu. Wanataka jibu langu leo.

Kiingereza hukukijua vizuri. Ulizigeuza kurasa juu chini, ukanifundisha nami nifanye hivyo.

"Ukisoma, huoni. Angalia nafasi."

Ukanionyesha jinsi watu waliokuwa na uhaba wa karatasi walivyoacha pambizo pana, nyeupe, bila woga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo sijui kutazama ukurasa kwa namna nyingine.

Ndivyo tulivyomuua yule mteja wa Gahanga. Alikuja kuchukua vitabu vya misa ya mazishi ya kaka yake. Tulikuwa tumevikagua wote wawili, juu chini, tukavisifu. Akasoma jalada.

"Mzee, hii jina iko yangu. Mimi sijakufa."

Ukavua miwani. "Samahani sana, ndugu yangu. Tunarudia vyote sasa hivi."

"Kimoja uniachie. Nimuonyeshe madamu wangu nyumbani, nione kama atalia."

Akacheka peke yake, kisha akalia yeye. Ulikaa naye kwenye benchi mpaka aliponyamaza, mashine zote zikiwa zimezimwa.

Chuoni nilijifunza kukuonea aibu. Nikakwambia, mbele ya mafundi wako, kwamba unaabudu karatasi za wakoloni.

"Mimi naangalia kazi yao, mwanangu," ulisema, ukalifunga jarida. Hukulifungua tena mbele yangu, na ulifariki kabla sijakuomba radhi.

Kwa hiyo nilitamani kukubali. Kioo kingeyapa heshima na kuyakinga na unyevu wa karakana, nami nisingelazimika kuyaona. Lakini nilipoanza kuyafunga kwenye maboksi nilielewa kwamba nataka kuyaondoa kwa sababu ya maneno yangu, si kwa sababu ya unyevu.

Nimewajibu hapana. Yatabaki karakanani, mezani, fundi yeyote ayafungue, hata aliyetoka kwenye mashine sasa hivi na wino mikononi. Yatachakaa, najua. Kesho asubuhi, kabla kazi haijaanza, nitawaambia mafundi walewale kwamba siku ile nilikukosea.

Pumzika, Baba.

Binti yako