Kamba Nyekundu ya Baba

Tehran, 4 Farvardin 1352

Mdogo wangu Behrang,

Salamu za Nauruzi na mwaka mpya. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na natumaini wewe na magoti yako hamjambo. Kesho Baba anapanda basi la Nosrat kuja kwako Shemshak na ski zake za kutelezea thelujini. Nimemwambia lifti za mlimani zimefungwa, theluji haijakoma tangu Nauruzi, na mtu wa miaka sitini na minane hana kazi huko. Akanijibu kwamba theluji laini hivi katika machipuko hajaiona tangu ujana wake, na kwamba Siku ya Kumi na Tatu ya mwezi huu wa mwaka mpya, watu wote wanapotoka nje, yeye hakai ndani hata akilipwa.

Tangu Mama afariki anaishi na ndege wake kanari tu. Vuli iliyopita nilimwomba ahamie kwangu, akasema hataki kunisumbua. Nikaheshimu neno lake. Unajua msimamo wangu: nchi hii inaangamizwa na taarofu, hiyo adabu ya kukataa kwa mdomo tu, na watu wanaosema hapana huku mkono wameshaunyoosha. Hapana iwe hapana. Nimeliandika hilo gazetini mpaka mhariri amenichoka.

Mtunze. Nijibu kwa Nosrat huyohuyo.

Dada yako,
Mehrangiz

Shemshak, 7 Farvardin

Salaam, Dada,

Sisi wazima, na wewe uzidi kupona. Baba amekwisha kuwateka wageni wa nyumba yangu ya kulala. Daktari mmoja wa Isfahan anamwita nahodha. Jana aliteleza nyuma ya nyumba, magoti yamekunjwa kama kijana, theluji ikimrukia hadi kidevuni, akawa anacheka peke yake.

Siku ya Kumi na Tatu tutapanda kwa miguu hadi juu ya lifti. Sikufichi: theluji mpya inafika kiunoni, na chini yake iko ile ya zamani, ngumu kama kigae. Jua likipanda, mzigo wote hulegea. Kwa hiyo tutaondoka alfajiri, tutashuka mmoja mmoja, na kila mtu ataburuta kamba nyekundu aliyojifunga kiunoni. Poromoko la theluji likimfunika, kamba hubaki juu, nasi tunaifuata hadi alipo.

Baba hatakuwa nayo. Nilimpa, akasema, "Wape wageni, mwanangu, mimi mlima huu unanijua." Nikaitundika. Makala yako nimeibandika ukutani karibu na jiko la kuni, na walionifunza kuongoza watu milimani kule Innsbruck wangekubaliana nawe kila mstari.

Mdogo wako,
Behrang

Tehran, 10 Farvardin

Behrang,

Leo hata afya sikuulizi. Ulimwuliza mara moja? Mara moja, kwa baba yetu, ni kama hukufungua mdomo. Mtu huyu hukataa chai nyumbani kwa binti yake wa kumzaa. Siku ya harusi yake alikataa kiti, akasimama mpaka shangazi akamsukuma. Umekulia nyumba ipi wewe?

Ile makala ing'oe uitie jikoni. Niliwaandikia mawaziri na wafanyabiashara. Sikumwandikia mzee aliyesimama katika theluji ya kiunoni. Mwulize mara ya pili, mwulize ya tatu. Mwambie ni mimi ninayeomba.

Nosrat anasema barabara inaweza kuziba wakati wowote. Nimemlazimisha aondoke sasa, naye amenitukana kwa heshima kubwa. Barua hii ikichelewa... Hapana, sentensi hiyo siimalizi.

Dada yako

Tehran, 14 Farvardin

Behrang,

Hujambo? Baba hajambo? Redio imesema mlima umeporomoka juu ya Shemshak, halafu ikapiga muziki. Nosrat hajarudi. Jana mtaa mzima ulikwenda kula kwenye nyasi. Nilibaki mimi na kanari wa Baba, niliyekwenda kumchukua kwake nimpe maji. Hakuna wa kuileta barua hii, lakini naiandika, maana nisipoandika nitavunja vyombo.

Dada yako

Shemshak, 17 Farvardin

Binti yangu Mehrangiz,

Usishtushwe na mwandiko. Behrang yu mzima, ila vidole vyake viliumwa na baridi na vimefungwa bandeji. Mimi nina mbavu mbili mbovu, lakini mikono ninayo. Wewe je, kikohozi?

Barua yako Nosrat aliipandisha kwa miguu kutoka barabara ilipoziba. Behrang akaisoma, akaniletea kamba. Nikamwambia awape wageni. Akaja tena, nikamwambia asijisumbue. Mara ya tatu akasema, "Baba, vaa, au tutakaa ndani wote Siku ya Kumi na Tatu, majirani watuone." Nikavaa, ili kumridhisha.

Nilipiga kona nne tamu, binti yangu, kama kukata malai. Ya tano, mteremko ukavunjika. Chini kule sikuweza kusogeza kidole, wala sikujua juu ni wapi. Nilimwaza kanari, nani atampa maji. Wao waliona ncha nyekundu, kama mkia wa panya, wakaifuata wakichimba. Beleshi la Behrang likavunjika, akamalizia kwa mikono. Wanasema uso wangu ulipotokeza, neno la kwanza nililosema ni, "Msijisumbue." Mimi silikumbuki, lakini daktari analirudia kila tunapokula.

Barabara imefunguliwa. Nosrat anakuletea hii, nami nitafuata mbavu zikitulia, nirudi nyumbani kwangu.

Na lile la kuhamia kwako. Uliniuliza mara moja, vuli, nikakataa. Hujaniuliza tena.

Baba yako