Gari Lililoinama Nyuma

Buhembe, Jumapili jioni

Bado nacheka. Gari letu la kifahari, tulilouziwa na Mzungu aliyerudi kwao, limetembea maili chache tu, lakini springi za nyuma zimekwisha. Fundi anasema lilikaa miaka bila kutembea, limejazwa magunia ya kahawa kama ghala. Springi mpya tutazipata wapi siku hizi? Mume wangu amekonda kwa mawazo.

Leo tumekwenda Rubya kwa mama mkwe. Alipoliona limeinama nyuma, akapiga vigelegele, akaita majirani: "Waitu, jamani, wanangu wamenijazia gari!"

Tukafungua buti. Kilo moja ya sukari, nayo niliipata kwa foleni.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatupakilia mikungu ya ndizi hadi buti likakataa kufungika.

"Sasa lina haki ya kuinama," akasema.